Siku Kumi na Mbili Kabla ya Pakiti

Makanyagio, Mpanda
19 Januari 2025

Mdogo wangu Obadia,

Kabla ya salamu pokea hili. Alhamisi tarehe 9 Januari, Baba amepoteza mkono wake wa kulia. Haujakatwa. Upo begani pake, unatetemeka kama simu iliyozimwa sauti, lakini haumtii. Siku hiyo alishindwa kukaza kamba ya mzinga wa nyuki. Baba, Mzee Gaudensi aliyetundika mizinga kuanzia Inyonga mpaka nyuma ya Kasokola, alirudi nyumbani na kamba yake akasema, "Leo imenishinda." Akakaa.

Sasa salamu. Sisi wazima. Shangazi Matilda anakusalimu na anauliza kama hao Wachina wako wanakula maharage. Mvua zimekuja vizuri. Mahindi ya Kasokola yamefika kiunoni, na yale mapando ya kufunika ardhi niliyopewa na bwana shamba mwaka jana yametambaa kila mahali, udongo umekuwa mweusi. Mimi naendelea na asali yangu. Nakamua, nachuja, napima maji yake kwa kile kipimo kidogo, na ikizidi asilimia ishirini namrudishia aliyeileta hata kama ni shemeji.

Nimeandika barua kwa sababu simu imetushinda. Mara tatu mwezi Novemba tulikatiana, na ukishindwa kunijibu unanitumia picha ya mikono iliyofumbatwa. Heri wa duka la vipuri anakwenda Guangzhou mwezi ujao kufuata mzigo. Atakutumia hii akifika.

Daktari amesema ni ule ugonjwa wa kutetemeka, seli za ubongo zinazoendesha mwendo zinakufa. Ameandika vidonge, nusu mara tatu kwa siku. Mimi sipendi kuambiwa "anaendelea vizuri," kwa hiyo nimeweka kipimo. Kila asubuhi Baba anafunga vifungo sita vya shati kwa mkono wa kulia, Shangazi anabonyeza saa ya simu, ananitumia namba. Jana: dakika nne na sekunde ishirini.

Nilitoka shule kidato cha pili Mama alipofariki, wewe ukaendelea. Sikulaumu. Lakini mwaka wa tatu huu unasomea dawa za asili za Kichina kwa magonjwa ya ubongo, na baba yako ana ugonjwa wa ubongo. Una nini mkononi? Niambie kwa Kiswahili cha nyumbani.

Dada yako,
Dina


Chengdu
16 Februari 2025

Dada Dina, shikamoo.

Barua yako imefika jana, Heri aliituma kwa basi kutoka Guangzhou pamoja na kopo la asali. Asante. Nilikaa nayo mezani, nikaisoma, nikaila asali kwa kijiko kama mtoto. Huku tumetoka kwenye sikukuu za mwaka mpya wao. Baridi ni ya unyevu, inaingia kwenye mifupa, na chakula kina pilipili ya kutia ulimi ganzi. Mwambie Shangazi maharage yapo, ila wanayafanya jibini.

Habari ya Baba imeniumiza. Siwezi kuja kabla ya kutetea utafiti wangu mwishoni mwa Novemba. Naomba usiniulize hilo.

Umeniuliza ninachofanya. Dawa ya hospitali kwa kawaida ni kiambato kimoja kinacholenga kitu kimoja mwilini. Dawa ya Kichina ni mchanganyiko: mimea sita, kumi, inachemshwa pamoja. Wenyewe wameitumia miaka mingi bila kujua nini kinagusa nini. Kazi yangu ni kuiuliza kompyuta. Naingiza viambato vyote, naingiza protini zote zinazohusika na kufa kwa zile seli, kompyuta inachora mistari kati ya kinachoweza kushikana. Unatoka mtandao. Palipo na mistari mingi, hapo ndipo penye uwezekano. Mchanganyiko ninaoushughulikia una viambato themanini na saba, navyo vinagusa protini thelathini na moja za ugonjwa wa Baba. Thelathini na moja, dada!

Nimemtumia Heri pakiti themanini na nne za unga wa mchanganyiko huo. Huku unauzwa kwenye maduka ya dawa. Pakiti moja kwa maji ya moto asubuhi, moja jioni. Vidonge vya daktari asiviache. Na ile hesabu ya vifungo iendelee, tafadhali, hata siku moja isirukwe.

Mdogo wako,
Obadia


Makanyagio, Mpanda
27 Aprili 2025

Mdogo wangu Obadia,

Pasaka imetukuta wazima na imetuacha wazima. Shangazi alichinja jogoo yule mkorofi, Baba alikwenda kanisani kwa miguu yake na kurudi. Dafrosa, binti wa jirani uliyekuwa unamwandikia, amejifungua mtoto wa kiume. Nakwambia ili usisikie kwa watu.

Heri alichelewa na mzigo bandarini, pakiti zako zikafika Mpanda Jumamosi tarehe 15 Machi. Nikazipeleka Kasokola kwa bodaboda, Baba akaanza Jumatatu, tarehe 17. Alikunja uso akasema Wachina wana roho ngumu.

Nilikuwa na maneno makali juu ya ule mtandao wako. Nilitaka kukuambia kwamba umenichorea mistari lakini sijaona gramu hata moja. Mstari unasema vitu viwili vinaweza kukutana. Haujasema vitakutana kwa wingi gani, wala kama vikikutana vitafanya kazi au vitasalimiana tu. Mimi nikimwambia mteja asali yangu "inaweza" kuwa kavu, atanicheka.

Lakini nayameza. Nimekufupishia namba kwa wastani wa mwezi. Februari: dakika tatu, sekunde hamsini. Machi: dakika mbili na sekunde kumi na mbili. Aprili: dakika moja, sekunde thelathini na nne. Jumatatu ya Pasaka amekaza kamba ya mzinga mwenyewe, nimeona kwa macho yangu. Kwa hiyo asante. Ukinijua, unajua hilo neno silitupi hovyo.

Jambo moja. Wiki mbili hizi shingo ya Baba inazungukazunguka kama mtu anayesikiliza muziki. Na juzi jioni alimwambia Shangazi afukuze nyuki ukutani. Ukuta ulikuwa mtupu. Uulize wakubwa zako hiyo ni nini, unijibu.

Dina


Chengdu
30 Mei 2025

Dada yangu mpenzi, shikamoo sana!

Sijui nianzie wapi. Hongera ya Dafrosa mfikishie, nimeshapona. Hapa mvua, joto, na furaha. Nilionyesha wastani wako kwenye kikao cha maabara. Profesa wangu, msimamizi, mtu asiyecheka tangu nimfahamu, alivua miwani akasema, "Huyu dada yako angekuwa mwanafunzi wangu." Watu walipiga makofi. Nimeuweka kwenye ripoti yangu ya maendeleo: mgonjwa mmoja, mwanaume, miaka sabini na moja, Tanzania, vifungo sita, kabla na baada ya pakiti. Mtandao ulitabiri, mkono wa Baba umethibitisha. Unaelewa uzito wake? Wengi wanachora mistari tu. Mimi nina vifungo.

Profesa anataka mchoro kwenye utetezi wangu, kwa hiyo naomba namba za kila siku, wastani hautoshi. Zote, tangu Januari.

Nimemtumia Heri, aliye tena Guangzhou, pakiti nyingine mia moja na ishirini. Baba asikose hata siku moja. Msalimie Shangazi, mwambie nimejifunza kupika ugali wa unga wa mchele na umenishinda.

Mdogo wako mwenye furaha,
Obadia


Makanyagio, Mpanda
13 Julai 2025

Obadia,

Hatujambo. Shangazi mzima. Asali ya mwaka huu nyepesi, mvua zilichelewa kukatika. Hukunijibu juu ya shingo na nyuki. Nimekwenda kujijibu mwenyewe.

Uliomba namba za kila siku. Nikakaa na ujumbe wote wa Shangazi, nikauandika kwenye daftari, siku kwa siku. Nilipofika Machi nilisimamisha kalamu.

Tarehe 5 Machi, dakika tatu na sekunde arobaini na nane. Tarehe 7, dakika tatu na kumi. Tarehe 10, dakika mbili na nusu. Tarehe 14, dakika moja na sekunde thelathini na sita. Siku hiyo pakiti zako zilikuwa bado kwenye begi la Heri, Dar es Salaam. Alipokunywa ya kwanza, tarehe 17, alikuwa kwenye dakika moja na thelathini na tano. Na kuanzia pale mpaka zilipokwisha zote themanini na nne, haikupungua hata sekunde tano. Siku kumi na mbili, Obadia. Mkono ulifunguka wote ndani ya siku kumi na mbili ambazo dawa yako haikuwepo. Na mimi ndiye niliyekuficha hilo, kwa kukutumia wastani wa mwezi. Wastani wa Machi ulizika siku zote pamoja. Kosa hilo naliandika kwa jina langu.

Nikafunga kazi, nikaenda Kasokola kukaa siku tatu, nikitazama kila kinachoingia kinywani mwa Baba. Siku ya pili asubuhi Shangazi anamimina kikombe cheusi.

"Shangazi, si Baba aliacha kahawa Kwaresima?"

"Aliacha. Tangu Jumatano ya Majivu. Hii siyo kahawa."

"Ni nini?"

"Ni kitu cheusi cha moto. Mtu amezoea kikombe miaka hamsini, umnyang'anye kikombe pia? Huo utakuwa ukatili, wala siyo mfungo."

"Shangazi. Ni nini?"

"We mtoto una maswali kama polisi wa barabarani. Ni upupu."

Nilidhani ananitania. Akanionyesha chungu. Ni zile mbegu za mapando ya bwana shamba, Obadia, nilizopanda mimi kwenye mahindi. Ni upupu wa kisasa usiowasha. Bibi, mama yao, aliwakaangia upupu mwaka wa njaa, wakautwanga, wakaunywa mahali pa kahawa. Shangazi akakumbuka, akamkaangia kaka yake ili asivunje nadhiri yake wala asikose kikombe. Kikombe kikubwa asubuhi, kingine jioni, tangu tarehe 5 Machi. Pasaka ikapita, Baba akakataa kurudi kwenye kahawa. Ameshawaambia wanajumuiya wote: "Nilifunga kahawa, Mungu akanifungulia mkono." Anaelekea kuifunga maisha.

Nikabeba mbegu kwenye kikopo, na Baba, tukaenda kwa daktari. Alizitazama, akanitazama. Akasema ndani ya upupu mna dawa ile ile iliyo kwenye vidonge vyake, na kukaanga hakuimalizi. "Mama, huyu mzee amekuwa akinywa dozi mbili, moja yangu na moja ya jikoni kwenu. Ya jikoni hakuna anayeijua kipimo." Shingo kuzunguka, nyuki wa ukutani, yote ni ya kuzidisha. Akasema tusikate ghafla. Kikombe kimoja, halafu nusu, halafu basi, wiki tatu, huku yeye akipandisha vidonge kidogo kidogo. Pakiti zako nazo amesema tuziweke kando mpaka ijulikane dawa ipi inafanya nini.

Kwa hiyo hii hapa nakala ya daftari, kurasa kumi na moja, kila siku tangu Januari. Kawaonyeshe. Hizi ndizo namba ulizotaka.

Dina


Chengdu
2 Septemba 2025

Dada, shikamoo.

Natumaini nyie wazima. Huku majani yameanza kugeuka rangi kidogo. Nimehamia chumba kingine, kina dirisha. Msimu wa asali wa pili ukoje? Shangazi bado anafuga kuku? Nimemtumia kitambaa cha kitenge kwa mkono wa Heri, nakshi za maua, asishone sare ya kwaya.

Daftari limefika. Una mwandiko mzuri, sijui kama nimewahi kukuambia.

Kuhusu upupu, nimesoma. Ni kweli una kile kiambato. Nimeuingiza kwenye mtandao pia, na unavutia sana, kwa sababu mistari yake na ya mchanganyiko wangu inakutana sehemu tisa. Inawezekana vinasaidiana. Inawezekana upupu ulifungua mlango na pakiti zikauzuia usijifunge. Siku kumi na mbili ni chache, dada, na mgonjwa ni mmoja.

Ripoti ilishapelekwa mbele tangu Juni. Kwa utetezi nadhani wastani wa mwezi unatosha, mchoro unaeleweka zaidi. Hayo ya kahawa yabaki ya nyumbani kwa sasa. Mtu wa huku hawezi kuelewa mambo ya Kwaresima.

Msalimie Baba.
Obadia


Makanyagio, Mpanda
12 Oktoba 2025

Obadia,

Sisi wazima. Shangazi ameshona kitenge chako sare ya kwaya. Baba anatumia vidonge vizima sasa, kwa saa zake, bila upupu. Dakika moja na sekunde arobaini na mbili, kwa mwezi wa pili mfululizo haiyumbi. Shingo imetulia. Ukuta hauna nyuki. Amekubali kikombe cha kahawa Jumapili moja moja, na anasema Mungu hakuudhika.

Nimesoma barua yako mara tano. Mara ya kwanza nilitafuta mahali ulipoandika kwamba umemwambia Profesa. Mara nne nyingine nilikuwa nahakikisha kwamba sijaparuka.

Mwezi Mei wastani haukutosha, ulitaka kila siku. Mwezi Septemba kila siku imezidi, unataka wastani. Mimi sina shahada, lakini najua mtu anayechagua kipimo baada ya kuona asali. Nawafukuza kila wiki hapa mlangoni.

Ungekuwa unamdanganya Profesa peke yake, ningekuacha mkamalizane. Sikiliza kilichotokea Alhamisi. Alikuja mtu kutoka Inyonga, anaitwa Luhende, analima tumbaku. Mke wake anatetemeka kama Baba, mikono yote miwili. Amesikia kwamba Mzee Gaudensi amepona kwa unga wa Kichina unaoletwa na Heri, na kwamba kijana wa mzee huyo anautengeneza. Amekuja kwa pikipiki kuomba pakiti.

"Vidonge vya hospitali bado anameza?" nikamuuliza.

"Tumeviacha wiki hii. Nimeona nisichanganye. Dawa ya mdogo wako si imeshapimwa?"

Umeisikia hiyo? Amemwachisha vidonge mkewe, kwa ajili ya habari iliyotoka kwetu. Yule mama Jumatano alikuwa hawezi kugeuka kitandani. Nilimkalisha Luhende, nikamfungulia daftari, nikamwonyesha tarehe 5, nikamwonyesha tarehe 17. Hakusoma sana shule, lakini alielewa kwa dakika mbili. Akasema, "Kwa hiyo unga haukufanya kitu." Nikamwambia sijui kama haufanyi kitu. Ninachojua ni kwamba kwa Baba hatukuuona ukifanya. Nikampandisha pikipiki yake mwenyewe, tukaenda kwa daktari, mkewe amerudishiwa dawa jioni ile ile.

Mkulima wa tumbaku ameelewa Kwaresima, tarehe na kikombe. Profesa wako atashindwaje? Mwambie mgonjwa aliacha kahawa kwa nadhiri, akapewa kinywaji kingine, kinywaji kina dawa. Sentensi moja, hata Kichina inaingia.

Na sikuambii ukae mikono mitupu. Mtandao wako haukusema uongo. Ulisema "inaweza," wewe ndiye uliyeandika "imethibitisha." Rudi kwenye "inaweza" na uanze upya, kwa gramu. Una kitu ambacho wenzako wanaochora mistari hawana. Una kurasa kumi na moja zinazoonyesha jinsi kikombe kimoja cha jikoni kinavyoweza kumdanganya mtafiti, mpaka na dada yake. Daktari wa hapa amekubali kuhesabu pamoja nasi, kwa utaratibu unaokubalika, kwa ruhusa za wanaohusika, vidonge vikiandikwa upande mmoja, kila anachokunywa mgonjwa upande wa pili, hata chai. Mimi nitashika daftari. Nimelishika peke yangu, nitalishika na wewe. Ukisimama mbele ya watu hao mwezi Novemba na kurasa zote kumi na moja, hata wakikuongezea mwaka mzima, utarudi Mpanda na kichwa juu, na nitakuja kukupokea kituoni mwenyewe.

Ukisimama na wastani, sitakuja.

Anwani ya Profesa ipo kwenye boksi la maabara yenu ulilofungia pakiti za pili, kwa herufi zetu na kwa zao. Nakala ya pili ya daftari imeshaandikwa, Zakia wa duka la vifaa vya ofisi amenipigia picha kila ukurasa, na barua ya kusindikiza nimeandika kwa Kiingereza changu cha kidato cha pili, ambacho kwa tarehe na sekunde kinatosha kabisa. Sijaituma. Nataka wewe utangulie.

Kwa hiyo usinijibu habari za majani wala dirisha. Safari hii usimsubiri Heri, kwa neno moja simu inatosha. Swali ni hili: umemwambia Profesa wako kwamba mkono wa Baba ulifunguka kabla pakiti yako ya kwanza haijafika Mpanda? Nijibu ndiyo au hapana, kabla ya Ijumaa tarehe 7 Novemba, saa sita mchana, saa za huku.

Dina